Fulana ya Chuma

Mume wangu alikuwa anasimamisha mkanda wa video kwa ncha ya fimbo yake. Kiti chake kilikaa karibu na deki, na kila alipoona kitu kisichompendeza alinyoosha fimbo, akabonyeza, picha ikaganda kwenye televisheni na mistari myeupe ikakatiza katikati. Kisha ananiita nitoke jikoni.

"Mama watoto, njoo uone. Hapa unatembea."

Nilikuwa naona bwana harusi, shemasi, na mlango wa kanisa. Mimi sikuwamo. Siku ya kwanza nilimwambia hivyo, kwamba mimi sionekani.

"Unaonekana," akasema. "Kila hatua yako naiona. Huu mguu wa kulia unaukanyagaga kama unaua panya."

Miaka ile ya shida, wakati sabuni na sukari zilikuwa kitu cha foleni na kujuana, yeye alikuwa na studio ndogo ya picha za pasipoti mjini Musoma. Filamu zilimwishia kabla ya wateja. Kuna miezi alifungua mlango asubuhi, akafagia, akakaa mpaka mchana, akafunga. Ilipokuja ruksa ya biashara na bidhaa zikaanza kumiminika kutoka Sirari mpakani, alikuwa kati ya watu wa kwanza mjini kununua kamera ya video, ile kubwa ya kuweka begani inayomeza mkanda mzima. Akaibeba mwaka mmoja tu. Akitokea harusini na pikipiki ya kuazima, alianguka Kiabakari kwenye kokoto, paja likavunjika na kuunga vibaya. Baada ya hapo aliweza kusimama muda wa kunyoa ndevu tu. Kumfuata bibi harusi kutoka kanisani mpaka ukumbini hakuweza tena.

Mimi nilikuwa karani kwenye kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipoanza kupunguza watu nilikuwa kwenye kundi la pili. Kwa kile nilichopewa nilinunua cherehani, nikaiweka barazani, nikawa nashona sare za shule na mapazia. Niliipenda kazi ile. Nguo ikiharibika niliifumua mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Lakini kamera haikuweza kulala ndani huku harusi zinaendelea. Mume wangu alinifundisha akiwa kitandani, mguu umening'inizwa. Hapa unavuta karibu, hapa unasogeza mbali, taa nyekundu ikiwaka usiongee. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nakwenda Bunda, Nyamuswa, mpaka vijiji vya ziwani. Watu walisema wamemwita yeye, na mimi nilipofika walisema, "Aa, ametuma mke wake." Juu ya maganda ya mikanda alibandika karatasi yenye jina la studio na jina lake. Sikuona ubaya wakati ule. Studio ilikuwa yake.

Kisha mteja mmoja wa Nyamuswa alirudisha mkanda. Alikuja mwenyewe, akauweka mezani kwa heshima, akasema mama yake mzazi ameutazama akapata kizunguzungu, kama yuko kwenye mtumbwi siku ya upepo. Alipoondoka, mume wangu akawasha deki, akautazama mkanda wote kuanzia mwanzo, fimbo mkononi.

Wiki iliyofuata nilikwenda Bunda kwenye kipaimara. Niliporudi jioni, barazani palikuwa na alama nne za miguu ya cherehani kwenye sementi, nyeusi za mafuta, na cherehani haikuwepo.

"Cherehani iko wapi?"

"Nimeibadilisha."

"Umeibadilisha na nini?"

Alinyoosha fimbo kwenye gunia la mitumba lililokuwa pembeni ya mlango. "Fungua."

Ndani, katikati ya makoti ya baridi ambayo mfanyabiashara aliyemletea aliyazungushia ili kitu kisigongeke, kulikuwa na fulana. Siwezi kuiita jina jingine. Mbele ilikuwa na bamba la chuma refu la kukaa kifuani mpaka tumboni, mabegani mikanda ya turubai yenye sponji, kiunoni mshipi mpana. Kwenye bamba ulichomekwa mkono wa chuma wenye springi mbili, na mwisho wa mkono ule ulisimama mlingoti mfupi: kamera inakaa juu, uzito unakaa chini. Unaivaa, unatembea, na springi zinameza hatua zako. Mfanyabiashara wa Sirari alimweleza mume wangu kwamba wazungu wanatumia za namna hii kwenye sinema, ila hii ni ya bei rahisi, ya watu wa kawaida.

"Ungeniuliza," nilisema.

"Ningekuuliza ungekataa."

Ilikuwa kweli. Nilikaa chini karibu na zile alama nne nikavua viatu.

Kesho yake alinivalisha uani, yeye kwenye kiti, mimi nimepiga magoti mbele yake kama mtoto anayevalishwa sare. Fulana ilitengenezwa kwa mwanamume mkubwa. Mabega yake yalipita yangu kwa kiganja kizima, bamba lilinikandamiza matiti, na mshipi wa kiunoni ulishuka mpaka kwenye mapaja. Alikaza mpaka mikanda ikafika mwisho, kisha akatoboa matundu mapya kwa msumari wa moto. Kamera yetu nayo ilikuwa nyepesi kuliko springi zilivyotaka, kwa hiyo mkono ulikuwa unapanda wenyewe. Nikiuachia kidogo, kamera inakuja usoni kwangu. Nikiuvuta chini, unanivuta juu. Nilizunguka uani nikigombana nao na kuku wakinikimbia.

"Unahitaji uzito," akasema. Nilikwenda ufukweni kuomba kwa wavuvi zile risasi wanazofunga kwenye nyavu ili zizame. Akazifunga chini ya mlingoti moja moja kwa waya, akijaribu, akitoa, akiongeza. Ilichukua siku nne. Sikatai kwamba alikuwa fundi. Siku ya nne mkono ulitulia ukaelea mbele ya kifua changu bila kupanda wala kushuka, na nilipotembea kutoka chooni mpaka mlango wa mbele, kamera ilikwenda kama kitu kinachoteleza kwenye kamba.

Tulitazama pamoja. Ukuta ulipita, mlango ukaja, mti wa mpera ukapita. Mume wangu aliweka fimbo chini. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Kiabakari.

"Haupo," akasema. "Tazama. Haupo kabisa. Sikuoni tena."

Alikuwa ananisifu. Nilijua ananisifu. Nilirudi jikoni nikiwa na ile fulana mwilini kwa sababu hakuwa amenifungua bado, nikajaribu kuinama kuchochea moto, bamba likanizuia, nikasimama hapo mpaka alipomaliza kurudia mkanda mara ya tatu.

Baada ya harusi mbili mabega yangu yalikuwa na michubuko, na juu ya nyonga ngozi ilianza kuchunika. Kulikuwa na tatizo jingine, na hilo ndilo lililomshughulisha yeye: vifungo vya chuma vya mbele viligonga mkono wa kamera nikigeuka, na ule mlio uliingia kwenye mkanda. Akanituma Bunda kwa fundi makochi, mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa anashona viti vya magari karibu na stendi. Alinipa barua yenye mchoro. Punguza mabega, ongeza sponji, hamishia vifungo vyote mgongoni.

Yule mzee alisoma barua, akaikunja, akaniambia nivae. Aliita mke wake atoke ndani awepo, ndipo akaanza kupima. Mkewe alivuta ukosi wa gauni langu kidogo akaona michubuko begani.

"Hii ilishonwa kwa mwili wa nani?" mzee akauliza.

"Sijui, mzee. Ilikuja kwenye mitumba."

"Kupunguza nitapunguza. Lakini vifungo mgongoni, mwanangu, utajifunguaje?"

"Atanifungua mume wangu."

"Na mahali ambapo hayupo?"

Nilitazama mashine yake. Ilikuwa cherehani ya kushonea ngozi, nzito, ya gurudumu la chuma. Nilimwambia afanye kama barua inavyosema.

Alifanya kazi nzuri. Aliweka sponji ya kiti cha basi mabegani na akashonea kitambaa laini sehemu ya nyonga. Sponji ile ilinisaidia sana. Lakini tangu siku hiyo sikuweza kuivaa wala kuivua peke yangu, na mume wangu hakumwamini mtu mwingine kuikaza. Alisema mshipi ukilegea hata kidogo picha inacheza. Kwa hiyo alinifunga nyumbani asubuhi, nami nikasafiri nikiwa nimefungwa, mkono wa kamera kwenye mfuko, khanga nimejitanda juu. Niliposhuka mahali watu waliniangalia mgongo ulivyonyooka. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu kwenye basi aliniuliza kwa huruma nilianguka kutoka juu ya nini.

Harusi ya Butiama ilikuwa Jumamosi. Asubuhi ile alinikaza kama kawaida, kisha akachukua waya mwembamba wa kufungia nondo, akaupitisha kwenye vifungo vyote vitatu na kuusokota kwa koleo. Harusi iliyopita kimoja kilikuwa kimefyatuka katikati ya viapo.

"Leo hakitafyatuka," akasema.

Nilitaka kusema neno. Gari la kunichukua lilikuwa linapiga honi nje. Nikatoka.

Kanisani mambo yalikwenda vizuri. Bibi harusi aliingia nikarudi nyuma mbele yake hatua kwa hatua, na nilijua bila kuangalia kwamba picha ilikuwa safi. Misa ilikuwa ndefu. Tulipofika nyumbani kwa wazazi wa bwana harusi jua lilikuwa utosini na bamba la chuma lilikuwa la moto kupitia gauni. Nilikuwa sijala, kwa sababu nikiwa nimefungwa chakula hakishuki. Lakini chai nilikuwa nimekunywa, na chai ilitaka kutoka.

Nilimwendea mke wa msimamizi, mwanamke wa rika langu, nikamwomba anifungue mgongoni. Alinipeleka nyuma ya nyumba, akahangaika.

"Dada, huku kuna waya."

"Ufungue."

"Umesokotwa. Unataka koleo."

Aliuliza koleo kwa watu wawili watatu. Mwenye gari alikuwa ameondoka kwenda kuchukua wageni. Mtu akasema fundi baiskeli anayo lakini leo amekwenda Kiabakari. Na huku mshereheshaji alikuwa anaita kamera, zawadi zinaanza, kamera iko wapi. Nikarudi. Nilipiga picha za zawadi: masufuria, mablanketi, ndama aliyevishwa utepe. Mstari wa watu ulikuwa mrefu na kila mmoja alisimama mbele yangu akisubiri nimwonyeshe vizuri. Nilijibana. Jasho lilikuwa linanidondoka machoni na sikuweza kulifuta, mkono mmoja ulishika mlingoti na mwingine ulishika mkono wa chuma. Nakumbuka nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba kamera imetulia. Mimi nakaribia kuanguka na kamera imetulia, na yeye akikaa pale kwenye kiti chake kesho hataona chochote.

Sikuanguka. Niliketi polepole kwenye ardhi katikati ya watu, mgongo wima, kamera bado inaelea.

Walionichukua walikuwa wanawake wa jikoni. Walinishika kwapani wakanivuta mpaka nyuma ya masufuria, kulikokuwa na kivuli cha turubai. Shangazi wa bibi harusi, mama mnene aliyekuwa anakata nyama, alinigeuza akatazama mgongoni.

"Nani amekufunga hivi?"

"Mume wangu."

Msichana mmoja alicheka, kisha akaona wenzake hawacheki akarudi kwenye ndizi alizokuwa anamenya.

"Leteni kile kisu kidogo," shangazi akasema.

"Mama, usikate," nilimwambia. "Hii fulana ni ya mume wangu. Imenunuliwa kwa gharama."

"Na huu mgongo ni wa nani?"

Akakata. Alikata turubai ya fundi wa Bunda mshono kwa mshono, kwa uangalifu, kama mtu anayechuna mnyama bila kuharibu ngozi. Hewa iliponiingia kifuani nilianza kulia, na hakuna aliyeniuliza sababu. Walinipeleka chooni. Walinirudisha wakanipa ndizi na nyama kwenye sinia, wakanizungushia khanga.

Nilipomaliza kula nilichukua kamera begani, bila fulana, nikaenda kumalizia kazi. Wanawake wale walikuwa wameanza ngoma yao, nikaingia katikati. Sikujali hatua.

Nilifika Musoma jua linazama. Nilimwekea mume wangu fulana miguuni. Aliichukua, akapitisha vidole kwenye sehemu zilizokatwa.

"Kisu," akasema.

"Ndiyo. Kuna waya ulifunga, nilishindwa kwenda chooni."

Hakupandisha sauti. Aliomba mkanda. Alitazama kanisa, akatazama zawadi, picha ikiwa tulivu kama kawaida, mpaka pale ambapo dunia ilishuka taratibu ikabaki usawa wa viuno vya watu. Kisha ngoma ya wanawake, ikirukaruka. Akanyoosha fimbo.

"Hapa unatembea tena."

"Ndiyo."

"Ungevumilia nusu saa."

Siku ya pili ilikuwa Jumapili. Watoto wetu wawili walikuwa likizo kwa bibi yao Bugwema, nyumba ilikuwa kimya. Asubuhi yote alishona ile mikanda kwa sindano ya magunia. Alipomaliza akaniambia nimvalishe yeye. Alisema tatizo siyo fulana, ni mimi kutoijua. Atanionyesha mtu anavyokaa ndani yake.

Nikamvalisha. Akasema kaza. Nikakaza. Akasema kaza zaidi, na usisahau waya. Nikachukua koleo nikasokota waya kwenye vifungo vitatu. Alisimama, akapiga hatua tatu na fimbo, uso ukamjikunja kwa maumivu ya paja, akarudi kukaa. Alikaa wima kabisa. Bamba halikumruhusu kuinama. Fimbo ikamponyoka ikaanguka.

Niliweka koleo juu ya kabati. Nikachukua kikapu nikamwambia nakwenda sokoni.

"Nifungue kwanza."

Nilimsikia. Nikatoka.

Nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba sikudhamiria, kwamba nilitaka tu kununua samaki upesi nirudi. Siyo kweli. Nilipofika sokoni nilinunua sato wawili, na badala ya kurudi nikashuka mpaka majini nikakaa juu ya jiwe. Wanawake walikuwa wanapara samaki, magamba yakiruka. Nilikuwa na hofu, lakini pia nilikuwa nimetulia, na sijui hadi leo vitu hivyo viwili vinakaaje pamoja. Nilikaa mpaka kivuli cha jiwe kikahama upande wa pili. Samaki walianza kutoa harufu.

Alikuwa pale pale nilipomwacha. Uso wote ulikuwa jasho. Fimbo ilikuwa sakafuni, shibri moja kutoka mkononi mwake, na nikaona kwa mikwaruzo ya miguu ya kiti kwamba alikuwa amejaribu kuifikia. Suruali yake ilikuwa imelowa, na chini ya kiti palikuwa na maji.

"Ulisahau?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, na alikuwa ananiomba niseme ndiyo.

"Hapana," nilisema. "Sikusahau."

Nikachukua koleo nikamfungua. Nikachemsha maji nikamwosha, nikamvalisha suruali nyingine, nikapiga deki sakafu. Hakunitazama wakati wote ule. Ningeweza kusema uongo mdogo, ningemwachia heshima yake, na hilo linanichoma zaidi kuliko kule kumwacha.

Siku ya tatu aliniita, nikakuta ameandika barua nyingine kwa fundi wa Bunda. Ilikuwa na mstari mmoja bila mchoro: fanya anavyotaka mwenyewe.

Yule mzee alinisomea kwa sauti, akaitia mfukoni. Akaenda nyuma ya duka lake kwenye mabaki ya gari lililogongwa, akakata mikanda ya usalama ya viti vya mbele pamoja na vishikizo vyake. Akaishonea kwenye fulana, mbele, upande wa kushoto ambako mkono wa kamera haufiki, na juu ya chuma akavalisha mpira wa tyubu ili kisilie. Ukibonyeza kitufe kimoja kwa dole gumba, yote inaachia.

"Bonyeza," akasema. Nikabonyeza, fulana ikafunguka. Akanifunga tena. "Bonyeza." Alinirudishia mara nne mpaka mke wake akamwambia aniache niende.

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo nilikuwa huru. Niliivaa ile fulana miaka mitano. Cherehani haikurudi. Jina kwenye maganda lilibaki lake, na kila Jumamosi nilikuwa kwenye harusi ya watu, nikitembea kwa niaba ya mtu aliyekaa. Kubonyeza niliweza. Lakini watoto walikuwa wanasoma kwa fedha ya mikanda ile ya harusi, na mtu akishajua kwamba ukifungua chakula kinapungua, haendi kufungua ovyo.

Aliacha kuniita nitoke jikoni. Alitazama peke yake, na akiona kitu alinyamaza nacho.

Mwaka wa mwisho, kabla watu hawajaanza kuja na kamera ndogo za kiganjani, kulikuwa na harusi Bugwema kwa ndugu zangu, akasema anataka kwenda. Tulimpandisha gari, tukamweka kwenye kiti pembeni ya jamvi la wazee. Watu walimsalimu, wakamwita mpiga picha wetu, naye akaitikia. Nilikuwa napita mbele yake na kamera, nimevaa fulana, mara ya kwanza ananiona nikifanya kazi kwa macho yake siyo kwa televisheni. Niliposogea karibu aliinua mkono kidogo, nikasimama.

"Haikubani?" akauliza.

"Inanibana."

Alitikisa kichwa taratibu. Kulikuwa na neno jingine alitaka kusema, nililiona likimjia. Lakini mshereheshaji alikuwa anaita kamera, bibi harusi ameshashika kisu cha keki, nikageuka nikaenda.